Kisu Kilichokosa Mkono

Jumamosi moja ya mwezi uliopita, katika boma moja si mbali na Kabati, mjane alipewa kipaza sauti amzungumzie mumewe, ambaye jeneza lake lilikuwa hatua sita mbele yake, naye akafungua mkoba akatoa kisu. Hakikuwa kisu cha kutisha. Kilikuwa kifupi, kisichozidi sana kidole cha kati cha mtu mzima, chenye mpini wa mti wa mukau uliopigwa msasa hadi ukang'aa, na kilikuwa kimefungwa katika kipande cha leso. Alikiinua watu wakakiona, akasema kwa sauti ambayo angetumia kutangaza mkutano wa akina mama: "Hii kisu si yangu, na si ya mtu wa hapa nyumbani. Imenolewa ya mtu wa mkono wa kushoto. Mwenyewe kama yuko hapa aje achukue, kabla mzee hajaingia chini." Kisha akangoja.

Nina mazoea mabaya ya kuhesabu watu mazishini, kwa hiyo naweza kusema kwa uhakika kwamba waliongoja pamoja naye ni wachungaji watatu, waheshimiwa wawili, chifu, kwaya mbili na mahema manne yaliyojaa. Hakuna aliyeinuka. Baadhi yetu tulitazama mikono yetu, na tulipotambua tunachofanya tukaificha. Msimamizi wa ratiba alikuwa amejiandaa kuwanyang'anya wanasiasa kipaza sauti, si kumnyang'anya mjane, basi akaita kwaya. Kwaya ikaimba, kisu kikarudi mkobani na mzee akaingia chini. Kufikia wakati sahani za mwisho za muthokoi zilipofika hema la nyuma, kisu kilikuwa kimeshapata mwanamke, mwanamke ameshapata nyumba huko Kiboko, na nyumba imeshapata watoto wawili, mmoja wao akiwa chuo kikuu. Kwetu, mtu mwenye mke mmoja akizikwa bila wa pili kujitokeza, waombolezaji hurudi nyumbani wakihisi wamepunjwa.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Marehemu, ambaye sote tulimwita Mwalimu, nilimfahamu kwa miaka kumi hivi, si kama rafiki, bali kama mtu unayempelekea kitu kilichochoka. Wasifu wake uliosomwa siku hiyo ulijaza kurasa mbili na kutaja shule alizofundisha useremala katika Makueni na Kitui, kamati za kanisa alizokalia, na hata mwaka aliobatizwa. Visu havikutajwa. Mtu ambaye mikononi mwake vilipitia visu vya nusu ya akina mama wa soko la Kabati alizikwa kama mwanakamati. Nilimuuliza mmoja wa walioandaa wasifu ule sababu, akanijibu kwa upole, "Ile ilikuwa kazi ya nyumbani tu." Na kweli ilikuwa ya nyumbani. Aliifanyia kwenye baraza ya jikoni, akiwa na jiliwa moja la kubania chuma, tupa tatu, jiwe la kunolea la kuzungusha kwa mkono na kopo la maji.

Kwa asiyejua, kisu cha jikoni kwetu hakifi, huliwa. Kinaanza kirefu, kinanolewa kwenye pembe ya kizingiti hadi tumbo lake linabonyea, kinafungulia mikebe ya rangi na kufuli zilizopotezewa funguo hadi ncha inakatika, na mwishowe kinabaki kitu chembamba kinachopindapinda kama ulimi wa mtu anayedanganya. Wengi wetu hapo hununua kipya. Yeye alikuwa akikiinua juani, anapitisha ukucha kwenye bapa, anatafuta mahali ambapo, kwa maneno yake, "mwili bado uko". Anachora mstari hapo kwa jiwe, anakifunga kwa gunia lililoloweshwa, anakibana na kukivunja kwa pigo moja la nyundo. Kilichobaki kilikuwa kazi ya subira: kuzungusha jiwe, kugusisha chuma, kuchovya majini, kuzungusha, kugusisha, kuchovya. Chuma kikipata moto hadi kikawa na rangi ya buluu, kisu kimekufa hata kama kinapendeza. Alisema aliwahi kufanya kazi chini ya walimu wakuu wa namna hiyo.

Alikuwa na hoja yake ya lugha pia. Kwa Kikamba panga ni uvyu na kisu ni kavyu, na kila Mkamba anajua kwamba *ka* ile ya mwanzo ndiyo tunayoibandika juu ya kitu chochote tunachotaka kukifanya kidogo. Kwa hiyo, alidai, wazee wetu hawakuwahi kuwa na kisu. Walikuwa na panga lililofupishwa. Alipoletewa panga lililokatika alilipokea kwa furaha ya mtu anayekamilisha sentensi. "Watu wanasema kitu ikizeeka inaisha," aliniambia siku moja. "Haiishi. Inatafuta saizi yake." Niliandika maneno hayo pembeni mwa gazeti nikidhani ni busara. Miaka mingine ilipita kabla sijagundua kwamba alikuwa akizungumzia pensheni.

Lakini kilichomtofautisha na mafundi wengine ni swali lake la kwanza. Nilikuwepo siku mwenye bucha wa Kabati alipoleta kisu cha mke wake. Mwenye bucha huyu ni Mwislamu ambaye familia yake ilishuka kutoka Garissa na mifugo, ikaiuza, ikabaki. Kikamba chake ni kizuri kuliko cha wanangu. Aliweka kisu mezani, akaomba kifupishwe.

"Ya nani?" Mwalimu aliuliza.

"Ya nyumbani."

"Nyumbani haina vidole. Nani anashika hii?"

"Mama watoto. Lakini mimi naweza kukuambia. Fanya tu hivi," akaonyesha kwa kiganja chake kilichokuwa kipana kama sahani.

"Hiyo mkono yako inatosha shoka. Mlete mwenyewe nimpime."

Mwenye bucha alivuta kiti karibu, akashusha sauti. "Mwalimu, tuelewane. Bibi yangu hashikwi mkono na mwanaume mwingine, hata kama ni mzee, hata kama ni kwa sababu ya vitunguu."

"Nani amesema nitashika?" Mwalimu alirarua kipande cha karatasi ya khaki, akampa pamoja na penseli. "Mwambie aweke mkono hapo juu, azunguke na penseli. Wewe usimsaidie."

"Na jina lake pia usiandike. Sitaki jina ya bibi yangu kwa sanduku ya mtu."

"Sina haja na jina. Jina haikati kitu."

Ndivyo ulivyoanza utaratibu uliodumu hadi kifo chake. Ili asimbague mtu, kuanzia siku ile kila aliyetaka kisu, Mwislamu au Mprotestanti, alipewa karatasi akachore mkono wake nyumbani, bila jina. Wanaume walioleta visu vya wake zao wakiwa na maelezo marefu walirudishwa na penseli. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa kuheshimika sana, alichora mkono wake mwenyewe akasema ni wa mkewe. Mkewe akapata kisu cha seremala, na akakaa nacho mwaka mzima akiamini ndivyo ufundi ulivyo. Na kwa sababu Mwalimu alikuwa mtu wa patasi, chombo chenye makali ya upande mmoja, alinoa visu vyake upande mmoja tu: wa kulia kwa anayekatia kulia. Kisu cha namna hiyo ukikishika kwa mkono usio wake hakikati wima. Kinakimbilia pembeni, na kitunguu kinatoka kinene huku, chembamba kule.

Hivyo ndivyo mjane alivyojua. Siku moja baada ya kifo, wageni walipoanza kuja na mboga zilipohitajika, alichukua kisu cha kwanza alichokiona barazani, akajaribu kukatia sukuma, kikampiga kona. Alikigeuza mkono wa kushoto, kikaenda sawa. Alikuwa ameishi na mtu huyo miaka zaidi ya thelathini, na alijua visu vyake kuliko nijuavyo sentensi zangu. Hakuwahi kuona hata kimoja cha namna hiyo.

Siku ya Jumatatu baada ya mazishi aliniita. Nilimkuta barazani, anarudisha visu kwa wenyewe. Havikuwa na majina, kwa hiyo kila aliyekuja aliambiwa ashike, na kama kimemkaa anaenda nacho. Mwenye bucha alikuja kwa niaba ya mkewe na kurudishwa, kwa mara ya mwisho, akamwite. Alipotoka alikitazama kile kifupi kilichowekwa kando. "Mwaitu," alimwambia mjane, kwa lile neno la Kikamba la kumwita mama kwa heshima, "kwetu mkono wa kushoto hata kikombe ya chai haishiki. Hiyo usiulize kwetu."

"Sijauliza kwenu," mjane alijibu. Akanigeukia. "Wewe mtu wa gazeti. Kazi yako si kuuliza watu? Nimesikia vile wanasema huko kwa hema. Mimi sina shida na kisu. Nataka kujua kama kuna nyumba ingine. Kama iko, niambiwe na mtu mwenye anajua kuongea, si na kwaya."

Nilianza kama mtu wa kazi yangu anavyopaswa kuanza, kwa nyaraka. Tulifungua sanduku la karatasi za khaki, mikono mitupu isiyo na jina, mingine ina madoa ya mafuta, mmoja una vidole vinne. Baada ya nusu saa niliinua karatasi moja juu kwa fahari: dole gumba lilikuwa upande wa kulia wa kiganja. Mkono wa kushoto, nikatangaza, tumeupata. Mjane aliutazama, akaweka mkono wake wa kulia juu yake, kiganja kikiangalia juu. Ukaingia barabara. "Hii ni yangu," alisema. "Nilichora nikiwa nimelaza mkono hivi. Endelea kutafuta." Niliacha nyaraka.

Kilichobaki kilikuwa Kiboko. Mara moja kwa mwezi, alieleza mjane, marehemu alikuwa akienda Kiboko kuona wanafunzi wake wa zamani, kwa kuwa alifundisha huko miaka ya ujana wake. Akitoka huenda na begi, akirudi harudi na kitu. Nilishuka kupitia Kibwezi na Makindu, na pale Kiboko, kwenye barabara kuu, haikunichukua muda kumpata mtu aliyesomeshwa naye. Anauza nyanya na matikiti kando ya lami, ni mtu wa umri wangu, mwenye mikono midogo isiyolingana na mabega yake. Nilijitambulisha, nikamweleza habari ya kifo. Alikuwa ameshaisikia.

"Alikuwa anakuja kufanya nini?" niliuliza.

"Kukaa. Anakaa hapo kwa kreti, ananiangalia nikikata tikiti ya wateja."

"Anakuangalia tu?"

"Anaangalia mkono."

Nilimuuliza kama yeye ni wa mkono wa kushoto. Alifuta kisu kwenye suruali kabla ya kujibu.

"Nilikuwa," alisema.

Katika darasa lake walikuwa wanne. Somo la ufundi likianza, Mwalimu alikuwa akipita nyuma yao na vipande vya mpira wa baiskeli, akifunga mkono wa kushoto wa kila mmoja kwenye mkanda, ili msumeno ushikwe na mkono unaostahili. Hakuwa mkali, alisisitiza muuza nyanya; walimu wengine walitumia rula. "Yeye alikuwa mzuri. Alikuwa anafunga bila kukaza." Muhula mzima, kisha mwingine, hadi mpira haukuhitajika tena. Wazazi walikuja kumshukuru, na mmoja alimletea jogoo. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tulivyoambiwa sote, na hakuna mwalimu aliyewahi kupewa jogoo kwa kumwacha samaki alivyo.

"Alipokurudia akiwa mzee, alikuomba msamaha?"

Alicheka. "Mwalimu? Aombe? Aliniuliza tu kama bado nakata na ya kulia. Nikamwambia si wewe ulisema. Akaenda zake. Mara nyingine akaja na karatasi, akanichora."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Nikamwambia, Mwalimu, hata ukinitengenezea nitafanya nini nayo? Hii ya kushoto imesahau. Na hii ya kulia haijawahi jua vizuri."

Nilimweleza juu ya kisu kilichokuwa Kabati. Alisema yeye hakuagiza kisu, na mtu haendi kwa mjane kuchukua kitu ambacho hakuagiza. Isitoshe, labda si chake. Walikuwa wanne. Mmoja alikufa zamani. Wa pili alikwenda Pwani na hakuna anayejua zaidi. "Na yule msichana yuko Malili. Ana hoteli." Alitaja hayo ya mwisho akipanga nyanya, bila kuinua uso, na nilitamani sana asingekuwa ameyataja.

Nimefikiria sana juu ya mtu huyu tangu siku ile. Miaka yote aliyolipwa mshahara alifundisha mikono kufuata visu. Miaka aliyokuwa halipwi chochote akafundisha visu kufuata mikono. Wasifu wake uliipa ile ya kwanza kurasa mbili na haukuitaja ya pili. Siwalaumu walioandika. Sisi ni watu tunaoamini kwamba anayepimwa ni mtu, na kipimo hakiguswi. Dawati ni moja, sare ni moja, kisu ni kile kilichouzwa dukani, na asiyekaa sawa hapo ndiye atakayefupishwa. Wanatuambia siku hizi shule zimebadilika na kila mtoto anafuatwa kwa kipaji chake, nami nataka kuamini, ila wiki iliyopita tu nilimsikia mama mmoja hapa Kitui akimwambia binti yake mezani, "Mkono wa adabu." Binti akahamisha kijiko. Ilichukua sekunde moja, na hakuna aliyeona chochote kimetokea, mimi nikiwemo, hadi nilipofika nyumbani.

Nilirudi kwa njia ya Malili makusudi. Hoteli ni safi, ina meza tano, na mwenyewe anapika huku anakuona. Niliagiza ndengu na chapati. Alikuwa akikata vitunguu kwa mkono wa kulia, kwa kisu kirefu kilichonolewa hadi kikapinda, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa na makovu madogomadogo kama mistari ya daftari.

"Hiyo kisu ni ndefu sana kwa hiyo kazi," nilisema.

"Ndiyo iko."

Nilimuuliza kama alimfahamu mwalimu wa useremala aliyewahi kufundisha Kiboko. Hakuacha kukata.

"Nasikia alikufa."

"Alikuwa akija hapa?"

"Hapa watu wengi wanakuja kula."

"Alikuwa akila nini?"

"Ndengu," alisema, halafu akainua uso, kama mtu aliyesikia mlango ukijifunga nyuma yake. Nilimuuliza kama Mwalimu aliwahi kumchora mkono, nikamwambia kuna kisu Kabati kinachomngoja mwenyewe. Akaweka kisu chini, akaufuta mkono ule wenye makovu kwa aproni, akaniuliza kama nitaongeza chai.

Funzo ninaloweza kulitoa hapa ni dogo, na nalitoa kwa uangalifu wa mtu aliyekwisha kosea mkono kwenye karatasi. Kosa ulilolifanya kwa nia njema, hadharani, ukashukuriwa, ni gumu kulirekebisha kuliko uovu. Mwizi anaweza kurudisha mali na kila mtu akaelewa anachofanya. Mwalimu huyu alipojaribu kurudisha alichochukua, hakupata hata neno la kulisemea jambo hilo, wala mtu wa kumpokea, na ziara zake za kujirekebisha zilionekana, kwa kila aliyezitazama, kama uzinzi. Kama alikuwa na hatia nyingine zaidi ya hiyo, sijui. Kwa vyovyote alipaswa kumwambia mke wake. Mtu anayeuliza watu wote wa Kabati "ya nani?" angetegemea kwamba siku moja ataulizwa yeye.

Niliripoti kwa mjane yote niliyoyaona, kwa mpangilio, bila kuongeza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo ni mwanafunzi, ama ni mwanamke."

"Anaweza kuwa mwanafunzi tu, mwaitu."

"Anaweza. Anakata na mkono gani?"

"Wa kulia."

"Anakata vizuri?"

"Vibaya."

Aliitikia kwa kichwa polepole, lakini sikuweza kujua anakubali nini. Akasema ataenda Malili mwenyewe, amwekee kisu mezani na amtazame anavyokishika, kisha atajua. Nilimuuliza atajua nini hasa, kwa kuwa mwanafunzi na yule mwingine wangekishika kwa mkono uleule. Alikifunga kisu katika leso yake, akakirudisha mkobani. Hadi ninapoandika haya hajaenda, na mwanamke wa Malili hajaja.